Kiti cha Pembeni katika Boksi la Hobley

Jumatatu, 26 Mei. Ibra

Tanner Hobley amesema leo kwamba goti lake la kushoto limepona na kwamba hana nia ya kuondoka Paris mapema. Aliyasema mbele ya waandishi, nusu saa baada ya kushinda raundi ya kwanza kwa seti tatu. Nimeyapeleka Maskati kwa Kiarabu, maneno mia tatu. Fawziya, mhariri wetu wa michezo, anataka msimu mzima niwafuate wanaume wa Kimarekani. Imepita zaidi ya miaka ishirini tangu mmoja wao achukue taji kubwa la mchezaji mmoja mmoja, na yeye anahisi mwaka huu kuna habari. Mimi nimeandika tenisi miaka thelathini. Sihisi kitu mpaka mpira wa mwisho udunde mara mbili.

Jambo moja sikulipeleka Maskati. Katika boksi la watu wa Hobley, safu ya nyuma, alikaa Adil, mtoto wa dada yangu Wadha. Ndiye mtaalamu wa viungo wa Hobley, mwaka wa nne sasa. Kamera ilimpitia mara chache. Wadha hakukosa hata moja.

Wadha yuko eda. Mumewe, Saud, alifariki katikati ya Ramadhani, na yeye hatoki nyumba hii mpaka 18 Julai. Nimehamia kwake tangu mazishi kwa sababu nyumba haina mwanamume. Adil ni mtoto wake wa pekee. Hajampigia simu tangu wiki ya msiba.

Jumatano, 28 Mei

Hobley kashinda tena. Nyuzi joto 44. Fundi wa kiyoyozi hakuja.

Ijumaa, 30 Mei

Raundi ya tatu. Tamima alikuja katikati ya seti ya pili. Ni dada yake marehemu Saud, na huja kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana kumtazama wifi yake. Yeye na Saud walizaliwa Tabora. Kiswahili chake ni cha bara, na cha kwetu cha Unguja hukiona kama nyimbo. Alisimama mlangoni na buibui lake, mkoba mkononi.

"Wifi, hii ni eda gani ya TV? Sauti fuli! Wanaume na vikaptura vyao, na wewe unawatumbulia macho!"

"Siwatumbulii. Mie n'naangalia kiti kimoja tu."

"Na hao wanaokimbia?"

"Hao wanapita."

"Wanapita! Bwana Marhoun, unamsikia dada yako?"

"Namsikia, Bi Tamima."

"Na unamwachia?"

"Nami naangalia. Ndiyo kazi yangu."

"Basi nyumba nzima imeharibika," alisema, akakaa. Hakuondoka mpaka Hobley aliposhinda.

Kikwazo cha Wadha ni pama la kocha, kofia ya ukingo mpana. Kocha hukaa safu ya mbele, na kila kamera inapokwenda kwenye boksi, pama humfunika Adil mpaka puani.

"Huyu mwenye pama mwambie avue."

"Nimwambie vipi, dada? Yuko Paris."

"Si unaandika gazetini? Andika."

Nimemwona Wadha katika misiba mingine miwili, wa mama na wa baba. Ni mwanamke asiyeomba kitu. Katika wiki kumi na moja ameomba kimoja tu, nacho ni pama livuliwe.

Jumapili, 1 Juni

Hobley katolewa raundi ya nne, seti nne. Nimeandika kwamba udongo wa Paris unawachelewesha Wamarekani, mipira yao inafika imechoka. Wadha aliwahi kuliona hilo kabla yangu. "Mguu unamteleza huyu," alisema katika seti ya kwanza, na mwezi Machi hakujua raketi inashikwa wapi.

Mpira wa mwisho ulipotoka nje alipiga makofi.

"Khalas. Sasa atakuja."

Nilimweleza kwamba msimu wa nyasi unaanza wiki ijayo, kwanza Ujerumani, kisha London.

"Hawapumziki hawa?"

"Hawapumziki."

Aliinua rimoti akaizima TV mwenyewe. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Akishinda, namwona. Akishindwa, labda aje. Sasa mie niombe nini, Marhoun?"

Nikapanda juu kuangalia tangi la maji.

Ijumaa, 6 Juni. Idi

Wadha hakupaka hina wala hakubadili nguo. Shuwa ililetwa na majirani, nyama iliyofukiwa shimoni siku nzima na kulainika vizuri. Adil aliandika katika kundi la familia: Idi njema kwa wote. Wadha alinipa simu nimsomee ingawa anajua kusoma.

"Kwa wote," alirudia.

"Na wewe umo."

"Najua nimo. Na mtoto wa Izki naye yumo."

Jumatatu, 9 Juni

Niandike hapa habari ya huyo mtoto wa Izki, kwa kuwa mambo yote yanatoka hapo.

Saud aliugua moyo wiki tatu. Adil alikuwa California na Hobley, mashindano yanaendelea. Wadha aliagiza Adil asiambiwe mpaka yamalizike. Ndivyo wanavyofanya watu wetu. Aliye mbali haambiwi, asije akaharibikiwa na shughuli yake. Mwanafunzi wa London hufanya mtihani wake na nyanya yake yumo kaburini. Mgonjwa mahututi, ukiulizwa kwa simu, hajambo, kalala. Mimi nilisema hapo hapo kwamba si sawa. Nikaambiwa sina mtoto, sijui.

Saud alifariki asubuhi na tulimzika baada ya sala ya alasiri. Kijana mmoja wa ukoo, anayeishi mji wa Izki, hakuwa ameagizwa chochote. Akaandika katika kundi la familia: Mungu amrehemu ami yetu Saud. Adil aliisoma akiwa uwanja wa mazoezi, mguu wa Hobley mkononi. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amepiga simu kuuliza habari za nyumbani. Alipopiga tena alisema maneno ambayo Wadha hunirudishia kwa sauti ile ile, bila kuongeza neno: "Mama, mliniambia kalala."

Hajapiga tena. Nilimwandikia mara mbili. Alijibu kwa heshima, shikamoo mjomba zote zimo, na habari hamna.

Mpaka sasa naona kwamba ana haki ya kukasirika, na kwamba haki hiyo ameikalia muda mrefu mno.

Jumapili, 15 Juni

Gharbi imeanza, upepo wa moto kutoka jangwani. Milango haishikiki. Nyuzi 47.

Alkhamisi, 19 Juni

Hobley katolewa Ujerumani raundi ya pili. Mechi haikuonyeshwa hapa. Wadha alikaa mbele ya TV hata hivyo, wakaonyesha mbio za farasi.

Fawziya kapiga simu. "Ustadh Marhoun, huyu Hobley wako ni wa daraja la pili. Wapo Wamarekani wengine, tumbadilishe." Nilimwambia mpigo wake wa kuanzia unafaa nyasi kuliko wa wenzake, na kwamba London huwapenda wachezaji wenye mkono mrefu. Sababu nilizompa zote zilikuwa za tenisi.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda Ashkhara na kurudi. Ibra nyuzi 46, kule 31, ukungu umekaa juu ya bahari na nusu ya watu wa mkoa wetu wa Sharqiyah wamelala mahemani ufukweni. Wadha aliniagiza papa mkavu, mapande makubwa, na hakusema wa nini. Mimi simli, Tamima hamli, Saud alikuwa akitoka nje papa akipikwa. Aliyekuwa akimla katika nyumba hii ni mmoja.

Jumatatu, 30 Juni

London imeanza. Hobley kashinda raundi ya kwanza kwa seti tatu, hakupoteza hata gemu moja aliloanzisha yeye.

Pana jambo jipya. Adil kahamia safu ya mbele, kiti cha pembeni, upande wa ngazi. Pama la kocha liko mbali naye. Ile kofia yake ya Paris hakuivaa. Kila Hobley anapobadili upande, kamera inapanda kwenye boksi, na yeye anaonekana kuanzia nywele mpaka magoti.

Wadha aliisogelea TV mpaka nikamwonya.

"Kakonda."

"Ni kamera."

"Kamera huwa yanenepesha, ulisema mwenyewe. Kakonda. Na ndevu hizo nani kamwambia afuge?"

Nilimfahamisha kwamba viti vya boksi hupangwa na timu, huenda kocha ametaka mtaalamu wa viungo awe karibu kwa ajili ya goti. Nimeliweka hilo katika makala.

Jumatano, 2 Julai

Kashinda. Kiti kile kile.

Ijumaa, 4 Julai

Kashinda tena, seti tano. Wanne wengine wa boksi walibadilishana viti kwa ajili ya jua. Adil alibaki juani, mkono juu ya macho. Nilidhani ni jambo la timu. Wadha alisema: "Huyo jua hulichukia tangu mdogo. Mwambie mtu ampe mwamvuli."

Tamima alikuwepo, ikiwa Ijumaa. Aligomba kuhusu vikaptura kwa dakika tano hivi, kisha akauliza kwa nini ile mechi imehesabiwa kumi na tano, thelathini, arubaini na siyo arubaini na tano. Sikuweza kumjibu. Hakuna anayeweza.

Jumapili, 6 Julai

Wanachemsha tende za mabsli katika shamba la jirani. Moshi wa kuni umejaa uani na harufu ya tende mbichi ndani ya maji yanayotokota. Mwaka jana Saud alikwenda mwenyewe, akarudi na ndoo na shati limechafuka. Wadha alikaa dirishani mpaka moto ulipozimwa.

Hobley kaingia robo fainali. Wamarekani waliobaki: yeye peke yake. Fawziya kapiga simu na kumwita "Hobley wetu".

Jumatano, 9 Julai

Robo fainali. Hobley kashinda kwa seti nne na sasa yumo nusu fainali. Amesema baada ya mechi kwamba goti linamuuma asubuhi tu.

Tamima alikuja leo, na leo si Ijumaa. Alisema alikuwa anapita njia. Nyumba yake iko upande wa pili wa bonde, hakuna njia inayopita hapa kutoka kule. Alikaa na simu mapajani, akiandika, akifuta, akiandika.

"Unamwandikia nani, wifi?" Wadha alimuuliza.

"Watu wa saluni."

Nilimtazama. Ana umri wa miaka sitini na saba, na sijapata kumsikia akitaja saluni.

Leo Wadha hakuniuliza aombe nini.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika kwa mpangilio, kama ilivyotokea.

Nusu fainali ilianza saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu. Tamima alifika kabla ya sala, na sahani ya halwa. Adil alikuwa kitini mwake. Seti ya kwanza Hobley akashinda, ya pili akapoteza, ya tatu akashinda. Wachezaji walipokaa kupumzika, kamera ilipanda kwenye boksi kama kawaida. Adil alikuwa amesimama. Alichukua mkoba mweusi chini ya kiti, akamgusa kocha begani, akapanda ngazi. Hakugeuka. Kamera ikaondoka. Ilipopanda tena, baada ya magemu mawili, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

"Kenda wapi?" alisema Wadha.

"Chooni labda," alisema Tamima, upesi.

"Na mkoba?"

Seti ya nne ikaisha, Hobley kapoteza. Kiti kitupu. Adhana ya magharibi ikaingia, tukasali, tukarudi. Kiti kitupu. Katika miaka yangu yote sijaona mtaalamu wa viungo anamwacha mchezaji wake katikati ya nusu fainali. Na dada yangu naye amekuwa akiangalia tenisi tangu Machi.

"Hajatoka hata siku moja huyu. Hata lile jua hakutoka. Kapatwa na nini? Marhoun, muulize Mmarekani."

"Dada, siwezi. Siulizi mambo ya nyumbani kwa jina la gazeti."

"Basi si ya nyumbani. Mkandaji wake katoka kabla ya mwisho, na yeye goti linamuuma. Hiyo si habari?"

Ilikuwa habari. Ilikuwa habari kubwa kuliko zote za mechi ile, na mhariri yeyote angenigombeza kwa kutoiuliza. Nilimwandikia Alaa, mwenzetu aliyeko London: Mtaalamu wa viungo alitoka boksini baada ya seti ya tatu. Muulize Hobley kwa nini, na nani atamhudumia fainali akishinda.

Akashinda. Seti ya tano, saba kwa tano. Mmarekani yumo fainali ya London. Fawziya akapiga mara tatu mfululizo, sikupokea. Wadha hakuangalia watu walioshangilia. Alikuwa akiangalia kiti.

Jibu la Alaa lilifika kabla ya saa tatu. Nalinakili kama alivyolileta, nikiligeuza Kiswahili. Hobley alisema: "Hakuna wa kumlaumu, ni mimi niliyempa ruhusa. Anawahi ndege. Baba yake alikufa tukiwa California, na mama yake, kwa dini yao, hatoki nyumbani mpaka wiki ijayo. Adil anataka awe amefika kabla ya siku hiyo. Nilimwambia aondoke asubuhi. Akasema lazima akae mpaka seti ya tatu, kuna mtu anamwangalia."

Nilitoka barazani nikasome tena. Tamima alinifuata. Alikuwa amekwisha kuona usoni mwangu.

"Usimwambie," alisema.

"Bi Tamima, wewe unajua?"

"Tangu juzi. Kasema nisiseme mpaka atue. Mamake asije akakosa usingizi, asije akangoja. Ndege nazo hazina uhakika."

"Kwa hiyo mnamficha."

"Tunamficha kidogo."

"Na watu wa saluni?"

Alicheka, kidogo, nyuma ya shela. Kisha akaniambia yaliyobaki. Amekuwa akizungumza na Adil tangu wiki ya Idi. Ndiye aliyemwambia kwamba mama yake anakiangalia kiti chake na pama linamziba. "Nikamwambia kaa mbele, kaa pembeni, usihame hata ukiungua. Na hiyo kofia vua." Kumbe kila Ijumaa aliyokuja hapa kugombana na vikaptura, alikuwa akirudi nyumbani kumpa Adil habari: mamako kala, mamako kasema umekonda.

"Kwa nini asimpigie mwenyewe?"

"Kajaribu, anaishia kuitazama namba. Anasema simu ya nyumbani haina habari ndani yake, ina hajambo tu. Aliulizia baba, hajambo. Akiulizia mama, atajuaje? Anasema mpaka aone kwa macho."

Wiki sita nimemwandika Tamima kama mtu wa kugomba, na Adil kama mtu wa kinyongo. Yote mawili nayafuta.

Ikabaki moja. Tamima alisema tungoje; ni usiku mmoja tu. Nilimwambia kwamba dada yangu yumo ndani anaamini mwanawe kaanguka mahali London, na kwamba hivi ndivyo ilivyoanza, mtu mmoja kumpangia mwenziwe usingizi. Nikamwambia pia kwamba mimi hutoa habari ikiwa na watu wawili wa kuithibitisha, na hii ninao: Hobley, na yeye.

"Basi mwambie," alisema. "Lakini Adil akiuliza, sema ni wewe uliyetoboa."

Wadha alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Nilimsomea jibu la Hobley neno kwa neno, na ya Tamima nikamweleza pia. Aliniambia nirudie mahali pa seti ya tatu, nikarudia.

"Kaacha fainali?"

"Kaiacha."

"Miaka minne kamkanda mtu yule, leo kaingia fainali, yeye kaiacha?"

"Ndivyo alivyosema mwenye goti."

Alimgeukia Tamima. Nilitegemea ugomvi.

"Wewe ndiye uliyemvua ile kofia?"

"Mimi, wifi."

"Alhamdulillahi," alisema Wadha. "Ilikuwa mbaya."

Akainuka akaenda jikoni. Nilisikia maji yakifunguliwa, halafu kabati la juu, na harufu ya papa ikaja mpaka sebuleni. Tamima alifunga pua kwa shela. Aliporudi, Wadha aliniambia nimsaidie kukisogeza kiti chake kutoka mbele ya TV. Tukakiweka ndani ya ukumbi, ndani ya kizingiti, kinatazama mlango wa nje.

Makala yangu ya leo imekwenda Maskati saa nne. Nimeandika kwamba Hobley ataingia fainali bila mtaalamu wake wa viungo, ambaye ameruhusiwa kurejea kwao kwa sababu za kifamilia. Sikuandika kwao ni wapi.

Fainali ni Jumapili, saa moja jioni. Ndege kutoka London inatua Maskati kesho, Jumamosi tarehe 12, saa moja na dakika kumi asubuhi. Naondoka Ibra baada ya sala ya alfajiri.